Chupa, Chokaa na Majivu: Kufundisha Sayansi Hapa Kambini

Hotuba ya mwalimu wa sayansi wa madarasa ya jioni, iliyosomwa mbele ya wazazi, Kamati na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imeniomba niseme machache juu ya masomo ya sayansi katika madarasa yetu ya jioni. Nimekuja na mfuko huu, na nimesikia wengine wakiulizana kama mwalimu anatoka sokoni. Hawakukosea sana. Ndani mna chupa nne tupu za maji, makopo mawili ya nyanya, kitambaa cheupe, mirija ya kunywea, ndimu tatu, majivu, kopo la chokaa lenye kifuniko, na binzari ya manjano niliyonunua Kamembe. Hivi ndivyo vifaa vyetu vya maabara. Napenda niwaeleze vinafanya kazi gani, vinashindwa wapi, na tunahitaji nini kutoka kwenu.

Watoto wetu wengi walianza shule upande ule wa mto Ruzizi, kwa Kifaransa. Hapa Rwanda masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto anakutana na lugha mpya na somo gumu kwa siku moja. Akisoma neno asilolijua, juu ya kitu ambacho hajapata kukiona, hana pa kushika. Anakariri tu. Wapo vijana wakubwa walioniambia waziwazi, "Mwalimu, sayansi ni ya wenye maabara. Sisi tutafute njia nyingine." Na hao ndio waliokuwa wakiongoza kwa hesabu huko nyumbani. Neno hilo liliniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulisema.

Nilisomea ualimu Bukavu. Chuoni tulikuwa na chumba chenye meza za saruji, chupa za kioo, na kabati la dawa. Nilipomaliza na kupewa darasa langu la kwanza, sikukuta hata mrija wa kioo. Miaka miwili nilifundisha kemia kwa chaki. Nilichora ubaoni chupa, nikachora moto chini yake na povu juu yake, na wanafunzi wakanakili. Walijua vizuri kuchora povu. Hawakujua linatoka wapi. Kwa hiyo ndugu zangu, shida hii haikuanza siku tulipovuka mpaka mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika Bukavu. Tulikuwa nayo hata tukiwa kwetu.

Wala hatukuwa wa kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shule nyingi za Ulaya zilikuwa zimeteketea, na maabara zake pia. Mwaka 1948 shirika la UNESCO lilitoa kijitabu kilichoandikwa na mwalimu Mwingereza, J. P. Stephenson, kwa ajili ya walimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa na vita. Kiliwaonyesha namna ya kutengeneza mizani, taa na vipimo kwa vitu vya nyumbani. Walimu wa nchi nyingine, hata zisizokuwa na vita, walikitaka, na mwaka 1956 UNESCO ikatoa kitabu kikubwa zaidi kilichotokana na kazi hiyo, ambacho kimetumika katika nchi nyingi. Karibu nasi, huko Tanzania, walimu wa kujitolea wa Peace Corps wakishirikiana na walimu wenyeji waliandaa vitabu vya majaribio vinavyoitwa Shika na Mikono, vinavyotumia vitu vya dukani na jikoni. Nawaambia haya ili mzazi asidhani kwamba mwalimu anachezea takataka na watoto wake. Njia hii ina wenyewe, na ina miaka mingi.

Sasa tuone kazi yenyewe.

Jaribio la kwanza ni la binzari. Tunalowesha kitambaa cheupe katika maji ya binzari, tunakianika. Kinakuwa cha manjano. Tukidondosha maji ya sabuni, pale palipodondoka panageuka pekundu. Mama zetu wanaofua nguo zilizomwagikiwa na mchuzi wa binzari wameliona jambo hili siku zote. Maji ya majivu, yale yale ambayo wengine hutumia kulainisha mboga, nayo yanageuza kitambaa kuwa chekundu. Tukidondosha ndimu juu ya wekundu huo, manjano yanarudi. Hapo mtoto ameona kwa macho yake kwamba majivu na sabuni ni wa ukoo mmoja, ndimu ni wa ukoo mwingine, na kwamba hawa wawili wakikutana wanapunguzana nguvu. Maneno asidi na besi yanakuja baadaye, nayo yanakuta mahali pa kukaa.

Lakini binzari ina upungufu. Haitofautishi ndimu na maji matupu; vyote viwili inaviacha manjano. Ndiyo maana tunatumia pia ua jekundu la haibiskasi, lile la kwenye ua wa miti mbele ya nyumba za watu. Likichemshwa, maji yake yanakuwa mekundu zaidi penye ndimu, na ya kijani penye majivu. Tulijaribu pia betiravu, tukapoteza jioni nzima: ilibaki nyekundu karibu kila mahali. Haigeuki mpaka ikutane na besi kali sana. Sikuitupa jioni hiyo. Niliwaagiza waandike katika daftari, "Betiravu haifai kwa kazi hii, na sababu ni hii." Nalo ni jibu la sayansi.

Jaribio la pili ni la chokaa. Wote mnajua kiwanda cha saruji cha Cimerwa kule Bugarama, katika wilaya hii hii ya Rusizi. Kipo kule kwa sababu ya mawe ya chokaa. Sisi tunachukua chokaa iliyokwisha kuzimwa, ya kupaka ukutani, vijiko viwili katika chupa ya maji. Tunatikisa, tunaacha usiku kucha, asubuhi tunamimina polepole yale maji maangavu ya juu. Mtoto akipuliza ndani yake kwa mrija, polepole, maji yanageuka meupe kama maziwa. Pumzi yake mwenyewe imefanya hivyo, kwa sababu ina hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ikikutana na chokaa, inarudi kuwa jiwe, chembe ndogondogo sana, na huo ndio weupe tunaouona.

Wiki moja jaribio hili lilinishinda mbele ya darasa zima. Watoto walipuliza mpaka wakaona kizunguzungu, na maji hayakubadilika. Nilikuwa nimetumia chokaa iliyokaa wazi miezi mingi. Ilikwisha kuvuta hewa ile ile pole pole ikawa jiwe kabla sisi hatujapuliza. Ndivyo pia ukuta uliopakwa chokaa unavyokuwa mgumu. Tangu siku ile kopo letu lina kifuniko, na watoto wanajua sababu yake.

Katika kundi hilo alikuwemo msichana wa miaka kumi na minne ambaye tangu tuanze hakuwahi kunyanyua mkono. Kiingereza kilimfunga kinywa. Siku ya chokaa mpya alipuliza, akaona weupe, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwalimu, na moshi wa jiko je?" Tukajaribu nje, kwa chupa iliyokatwa na kushikwa juu ya makaa. Maji yakawa meupe. Kisha nikamwonyesha lile neno kwa Kiingereza katika kitabu chake cha shule. Hajalisahau.

Jaribio la tatu ni la maji ya moto. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Tuliazima kipimajoto, tukachemsha maji katika kopo, kikasimama karibu na 95, na hakikupanda tena hata tulipoongeza moto. Mtoto mmoja akasema kipimajoto ni kibovu. Mwingine akasema ni kitabu kilichokosea. Hakuna aliyekuwa na makosa ya aibu, maana wote wawili walikuwa wameangalia. Sababu ni milima yetu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu yake. Huku juu hewa inakandamiza maji kidogo kuliko pwani, kwa hiyo yanachemka mapema, yakiwa na joto dogo zaidi. Mama waliotoka Uvira, ambako ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi, wananiambia kwamba maharage ya huku yanachelewa kuiva. Mama zangu, si kwamba kuni za huku ni mbaya. Mmepima kimo cha mlima kwa sufuria.

Nawaomba walimu wenzangu tusiwacheke watoto wanaposema jambo lisilolingana na kitabu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mkoa wa Tanga, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Aliona maziwa aliyoyaweka bado ya moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake walimcheka. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakucheka bali alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao waliandika pamoja juu ya jambo hilo katika jarida la fizikia. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu yake, lakini jina la Mpemba linajulikana dunia nzima. Alianzia kwenye maziwa na sukari.

Kuna vitu vingine vidogo. Mizani yetu ni fito iliyofungwa kamba katikati, na vitako viwili vya chupa. Mawe ya kupimia hatuna. Tunatumia maji, kwa sababu mililita moja ya maji ina gramu moja. Tunapima mililita kwa bomba jipya la sindano lililonunuliwa duka la dawa bila sindano yake. Mizani hii haipimi kitu chepesi kuliko gramu moja, na watoto wanajua hivyo. Kila kifaa tulichokitengeneza kina karatasi iliyobandikwa: kinachukua nafasi ya kitu gani, na kinashindwa wapi.

Ndugu zangu, mpaka hapa ningeweza kuketi, nanyi mngenipigia makofi. Lakini kuna jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Katika ile miaka ya chaki nilisikia kwamba maji ya betri ya gari ni asidi ya salfa, na kwamba yanaweza kutumika badala ya asidi ya maabara. Ni kweli. Nilinunua kwa fundi wa magari, nikafurahi sana. Nilikwenda darasani bila kujaribu kwanza, kwa sababu siku hiyo nilichelewa. Asidi ile ilitakiwa kupunguzwa nguvu. Sheria nilifundishwa chuoni: mimina asidi ndani ya maji, polepole, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Kwa haraka yangu nilifanya kinyume. Iliruka. Mvulana aliyesimama karibu nami aliungua mkono, kuanzia kwenye kifundo kwenda juu. Tulimwagia maji mengi, alipona, lakini kovu analo.

Kesho yake mama yake alikuja. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwalimu, kama mngekuwa na vifaa vya kweli, mtoto wangu angeungua?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Ni umaskini wa shule." Akaitika, akaondoka.

Nilimdanganya mama yule. Asidi ya maabara nayo ingemuunguza vilevile. Aliyekosea ni mimi. Umaskini ulinipa kisingizio kizuri, na kila mtu alikuwa tayari kukikubali. Sijui yeye na mwanawe wako wapi sasa, baada ya haya yaliyotupata. Kama ningewapata leo, ningewaambia ukweli huu kabla ya salamu nyingine yoyote.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hata mkulima asiyechagua huangalia mpini kabla ya kuinua, usije ukachomoka na kumkata mtu. Kutokana na kosa langu, madarasa yetu ya jioni yana sheria ambazo nawasomea ili nanyi mtusimamie.

Kwanza, mwalimu hafanyi mbele ya watoto jaribio ambalo hakulifanya peke yake kabla.

Pili, maji ya betri hayaingii katika madarasa yetu. Kwa umri wa watoto hawa, ndimu na siki zinatosha.

Tatu, hatuokoti kamwe bomba wala sindano iliyotumika hospitalini au jalalani. Damu ya mtu inaweza kubeba ugonjwa hata isipoonekana.

Nne, hatuchanganyi javeli na kitu chochote, iwe ndimu, siki au dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Tano, kipimajoto chenye zebaki hatukitumii. Kikivunjika, zebaki hutoa mvuke wa sumu, na watoto hupenda kuichezea.

Sita, hatuchemshi kitu katika chupa ya jamu, maana hupasuka, tunatumia kopo. Jiko la makaa linakaa nje, haliingii hemani.

Saba, chokaa haishikwi bila maji safi mengi karibu, na hakuna anayeisogeza machoni. Anayepuliza kwa mrija anapuliza tu, havuti.

Mnaona basi, vitu vingi vinaweza kuchukua nafasi ya vingine. Kopo linakuwa chungu cha maabara, ua linakuwa kipimo, maji yanakuwa mawe ya mizani. Kitu kimoja hakina mbadala, nacho ni uangalifu wa mtu mzima aliyesimama hapo.

Namalizia kwa maombi.

Kwenu wazazi: chupa tupu, makopo, vifuniko, nyaya za redio iliyokufa, msitupe. Oseni, mlete siku ya Jumamosi. Dawa zilizobaki msilete, wala chupa zilizowekwa dawa ya wadudu, hata mkiziosha. Na mtoto akitaka kurudia jaribio nyumbani, mkae naye. Mwulizeni, "Kwa nini?" Hamhitaji kujua jibu.

Kwako Ndugu Mwenyekiti na Kamati: tunaomba kona moja yenye kivuli, jerikeni ya maji isiyoguswa kwa kazi nyingine, ndoo ya mchanga, na sanduku moja lenye kufuli.

Kwenu wageni wetu wa mashirika: msisikie hotuba hii mkaenda kuandika kwamba wakimbizi hawahitaji vifaa. Tunahitaji. Tunahitaji miwani ya kukinga macho, kwa sababu jicho halina mbadala. Tunahitaji vipimajoto viwili visivyo vya zebaki, na mizani moja ya kweli ili tujue ya fito inakosea kiasi gani. Lakini mkileta, mtuambie pia kwamba kioo kikivunjika mikononi mwa mtoto anayejifunza, hakuna atakayelipishwa. Katika shule moja niliyofika zamani niliona kabati limejaa vifaa vizuri, vina vumbi, kwa sababu kila aliyeshika ufunguo aliogopa deni. Vifaa hivyo havikuvunjika. Wala havikumfundisha mtu.

Sisi hapa tunapita. Wengine waliokuwa nasi wamekwisha kwenda Mahama, na wengine watafuata. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila mwanafunzi anayeondoka anachukua daftari lake, lenye majaribio aliyoyafanya kwa mkono wake, yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Chupa na chokaa atazikuta huko aendako. Uzito wa daftari hauongezi kitu katika mzigo wa mama yake.

Sasa namwomba binti yetu asimame, yule wa moshi wa jiko. Maji ya chokaa ni haya, nimeyajaribu asubuhi. Atapuliza, na wote mtaona. Baadaye atawaeleza sababu yeye mwenyewe, kwa lugha atakayoichagua.